Kiaskari cha Kwenye Shimo la Kahawa

Nilikuwa nachimba shimo la mche wa kahawa, mpakani mwa shamba langu na la jirani yangu Evaresta, jembe likagonga kitu. Kumbe kiaskari cha plastiki, kirefu kama kidole changu cha kati, mkono mmoja umekatika, magoti bado yanakunjika.

Nikakaa chini papo hapo. Mwanangu wa kwanza, Gaspari, alipewa kiaskari kama hicho parokiani Krismasi ya mwaka 1980, akakipoteza humu shambani. Mwaka uliofuata surua ikamchukua, akiwa na miaka saba. Picha yake sina. Nguo zake walizivaa wadogo zake mpaka zikaisha.

Evaresta akaja, jembe begani. "Mama Gaspari, hicho cha Gideon wangu! Alilia juma zima kilipopotea."

"Gideon alililia kila kitu."

"Hata hivyo. Tena umekikuta chini ya mramula, mti wetu wa mpaka, na mizizi imelalia kwangu."

Nikakipeleka nyumbani. Nikakiosha, nikakipaka masizi ya sufuria mgongoni, nikakifuta. Ndivyo ninavyosoma chapa za majembe ya zamani: masizi hubaki ndani ya herufi. Ukatokea mwaka, 1978. Nikamwita Evaresta. "Gideon kazaliwa themanini na mbili! Haya, sema."

"Biblia yangu ilipigwa chapa kabla sijaolewa, mbona ni yangu?"

Jumatatu nikaenda Isingiro kwa Uwitonze, binti anayenunua vitu vya kuchezea vya zamani na kuwauzia watu wa mbali wanaovikusanya.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Nisomee hiki kiaskari."

Akakimulika kwa simu. "Bibi, mwaka wa mgongoni ni wa kalibu. Kalibu moja humiminiwa plastiki hata miaka kumi. Tazama ndani ya paja."

Nilikuja na masizi kwenye karatasi, nikapaka. Likatoka jina la nchi: China.

"Kiwanda hiki kilianzia Hong Kong," akasema. "Kilihamia China mwaka 1985. Hiki ni cha baada ya hapo."

"Una hakika?"

Akatoa vitatu vya Hong Kong. Tukavilinganisha vyote, paja kwa paja. Nilimwambia arudie tena. Akarudia, hakuchoka.

Niliporudi sikuingia kwangu kwanza. Evaresta alikuwa anamenya ndizi.

"Ni cha Gideon," nikamwambia, nikakiweka juu ya kinu.

"Nani kakwambia?"

"Paja lake."

Akacheka mpaka kisu kikamponyoka. Kisha akakishika kile kiaskari, akakitazama. "Ungeweza kunyamaza, Mama Gaspari."

"Ningekuwa nalea mtoto wa watu."

Asubuhi nikarudi shambani. Shimo la kahawa ni futi mbili. Nilifika tatu, nikaanza kulipanua upande wangu, udongo nauvunja kwa vidole. Cha Gaspari hakiko mbali. Nilikuwa nimemkataza kuvuka mramula, naye alikuwa mtoto msikivu.