Neno Alilomwandikia Quinter

Mpaka leo Phelix Ouko akimwona Quinter kwa mbali, hubadilisha njia. Haya ni ya kujitakia, wala tusimwonee huruma mapema.

Phelix ni karani wa shamba moja la majani chai karibu na Kapkatet, na Kiingereza chake, jamani, hukitunza kuliko viatu vya kanisani. Mwulize mtu wa kujionyesha anaitwaje kwa Kiingereza, atakupa maneno matatu na tofauti zake. "Boast" ni kujisifu kwa mdomo. "Show off" ni utoto, mtu anataka tu atazamwe. "Flaunt" ndiyo yenye sumu: unamwonyesha mwenzako ulicho nacho makusudi, ili kimuume.

Quinter, kwa upande wake, ni mchumaji. Siku majani yake yalipopita kilo sitini alicheza mbele ya mizani, akamtania Phelix kwamba mikono yake ni laini kama ya mtoto mchanga, maana mzigo wake ni kalamu tu. Watu walicheka wakashika mbavu. Phelix alicheka pia, lakini utani ule ulimkaa rohoni.

Wiki iliyofuata meneja alitaka nyapara mpya, akamwambia Phelix aandike tabia ya wachumaji wawili waliofikiriwa, Mellen na Quinter. Ya Mellen aliiandika vizuri. Kwa Quinter aliandika, "She flaunts her success," yaani huwaringishia wenzake mafanikio yake. Mellen akapewa kazi.

Quinter alikuja ofisini saa ya chakula, aproni bado imelowa. Meneja alikuwa amemsomea ule mstari. Hakuja kugombana. Alisema yeye aliachia shule darasa la tano, kwa hivyo aelezwe kosa lake ajirekebishe kabla nafasi nyingine haijatokea. Phelix alitamani ardhi impasukie. Akamweleza, huku akiangalia meza.

Quinter akasema, "Sijawahi kutaka mtu aumie, karani. Nilikuwa nimefurahi tu. Kwani Kiingereza haina neno ya mtu amefurahia kazi yake?"

"Iko," Phelix alisema. "Ni 'proud'. Hiyo si kosa."

"Na siku ile ukiandika, ulikuwa unaijua?"

Angeweza kudanganya. Akainua macho kutoka mezani.

"Nilikuwa naijua," akasema.