Sukari ya Saa Tisa Mchana

Kavindu alisimamisha cherehani yake barazani, akatega sikio. Ndani ya duka la vitambaa, Fartun alikuwa ameacha kumjibu.

Muda mfupi uliopita walikuwa wakitaniana, kama ilivyo desturi yao kila Ramadhani.

"Ninyi Wakamba," Fartun alisema, "mnafunga siku moja ya maombi, jioni mnamaliza mbuzi mzima."

"Na ninyi, Mama Mursal, mnafunga mwezi mzima na bado mnanenepa!"

Fartun hakucheka. Alisema mikono inamtetemeka, kisha kimya.

Kavindu aliingia akamkuta ameegemea marobota ya vitambaa, jasho likimtiririka kama aliyenyeshewa, macho wazi lakini hayaoni. Fartun alikuwa na kisukari, na daktari alimkataza kufunga. Guled, mumewe, aliujua ugonjwa ila hakujua katazo hilo. Kavindu alilijua, naye aliapishwa: "Usimwambie, ataninyima mwezi wangu. Na hata nikikuomba maji mchana, usinipe."

"Mama Mursal! Niitikie!"

Ukatoka mguno tu.

Sukari mwilini ilikuwa imemshuka, alihitaji kuongezewa haraka! Lakini dukani hamkuwa na hata chembe. Tangu mwezi uandame, Kavindu alikuwa amehamishia chupa yake ya chai na mkebe wake wa sukari kwa Ndunge, muuza ndengu wa ng'ambo ya barabara, asimtamanishe aliyefunga. Heshima hiyo sasa ilikuwa kitanzi.

Alitoka mbio, viatu akaviacha mlangoni.

"Kuna moto?" Ndunge alishtuka.

"Mkebe wangu!"

"Hii chai ya leo ni ya kukimbiliwa?"

Kavindu aliunyakua mkebe akarudi dukani, akapiga magoti, akachota kijiko. Hapo mkono ukagoma. Yeye ni mke wa shemasi. Alijua ahadi ya mtu kwa Mungu si ya kuchezewa. Vipi akimvunjia mwenzake saumu, na bado afe? Atamtazama Guled kwa macho gani? Na soko zima la Kyuso litasema nini juu ya Mkamba aliyemtia Mwislamu chakula kinywani mchana kweupe?

Fartun akakoroma, mkoromo mzito ambao Kavindu aliwahi kuusikia mara moja tu, kando ya kitanda cha marehemu mama yake.

"Mungu wangu, kama ni dhambi, iwe yangu," alinong'ona.

Hakuthubutu kumnywesha maji, asije akapaliwa. Alilowesha kidole, akakichovya katika sukari, akamsugua ufizini. Akarudia. Akarudia tena, akihesabu pumzi za mwenzake, na kila iliyochelewa ilimkausha mate.

Hatimaye midomo ilicheza. Macho yakamtafuta, yakamwona.

"Umenivunjia saumu," Fartun alisema kwa sauti ya mbali.

"Nimekuvunjia."

"Nilikuapisha, Mama Nduku."

"Uliniapisha. Na sasa hivi ninampigia Baba Mursal simu, nimweleze yote. Ukitaka kunifukuza barazani kwako, nifukuze ukiwa hai."

Fartun aliitazama simu aliyoitoa Kavindu. Machozi yalimshuka, yakachanganyika na chembe za sukari mashavuni. Kisha akafungua kinywa aongezwe.

Kavindu akachota tena. Kijiko kilijaa hata nusu yake ikamwagika njiani.