Shanta la Sajini Wanda

Kila Jumanne saa nne asubuhi, wanawake saba waliowahi kuwa askari walikutana katika chumba cha chini cha zahanati ya wanajeshi wastaafu, kwenye mji mmoja wa Nebraska. Walivua viatu, wakatandika mikeka, wakachomwa sindano ndogo masikioni, kisha wakafundishwa kupumua. Mwanzoni Wanda Hruska aliona ni kichekesho mtu wa miaka hamsini na minane kwenda shule ya kupumua. Lakini kahawa ilikuwa nzuri, na nyumbani hakuwa na mtu tangu mumewe, Earl, azikwe.

Nyonga ya Wanda ilikuwa imekwisha. Huu ulikuwa mwaka wa pili hapigi magoti kanisani. Alikaa benchi la nyuma akainamisha kichwa, akimwomba Mungu amhesabie hivyo hivyo. Daktari alitaka afanyiwe upasuaji. Ofisi ya mafao ikasema sawa, mradi ithibitike kwamba aliumia vitani, kule Iraki, na kwamba maumivu yake yanafika nane kati ya kumi. Kila alipoulizwa, Wanda alijibu tatu. Jeshini walimfundisha kwamba anayesema nne ni mlalamishi.

"Sajini, jasho linakutoka kama bomba lililopasuka, halafu unasema tatu?" Rochelle, koplo wa zamani aliyeendesha malori, alimsuta. "Siku wakikukata kichwa utasema ngapi?"

Wanda alifikiri kidogo. "Nne," alisema.

Jumanne moja ya Machi mwalimu wao, binti mpole aitwaye Brenna, aliwaambia wafumbe macho na kusikiliza kile miili yao inachobeba. Wanda akafumba, akasikiliza. Alipofumbua alikuwa amevaa mgongoni shanta lake la jeshi la mwaka 2004, la rangi ya mchanga, mikanda imemkaza mabega vilevile. Mchanga ulimwagika mkekani. Brenna akasema ni vizuri, yatoke tu, ila mchanga usifike kwenye zulia. Rochelle na mwenzake wakamvua shanta, wakalipandisha kwenye mzani wa muuguzi: kilo arobaini na moja. Ndani mlikuwa na risasi, maji, betri za redio na biskuti za jeshi, ambazo bado hazikuwa na ladha.

Wiki iliyofuata kila mmoja alipata mzigo wake. Rochelle alipata tairi la lori, akalibingirisha mpaka pembeni. Fundi wa jengo aliomba tu awe anaambiwa mapema, kwa sababu ya sakafu.

Wanda aliona Mungu amemletea shahidi. Akaiandikia ofisi ya mafao. Ofisi ikamtuma afisa, Bwana Lindqvist, akaja na faili na kalamu mbili. Alilizunguka shanta, akasoma jina Hruska lililoshonwa kwenye mfuniko.

"La mzee hili?" aliuliza.

"Langu."

"Nauliza la mumeo, mama."

"Earl alikuwa anauza viatu, mwanangu. Mzigo wake mkubwa ulikuwa katoni la buti, na hilo tulikuwa tunabeba wawili."

Afisa akaandika. Kisha akasema utaratibu unamtaka ahakikishe uzito mwenyewe, akaliinua. Mgongo wake ulilia kama mlango wa ghala. Wakamlaza kwenye mkeka wa Rochelle, na muuguzi alipomuuliza maumivu ni ngapi, alisema kumi na moja. Kabla ya chakula cha mchana alikuwa ameshapewa kitanda.

Rochelle akamgeukia Wanda. "Umesikia mtu anavyojibu? Haya, muuguzi huyu hapa, kalamu anayo. Sema nane tu, Sajini. Wala si uongo."

Wanda alifungua mdomo. Aliifikiria nyonga, akayafikiria magoti yake mbele ya altare. Mishipa ya shingo ilimsimama.

"Tatu na nusu," alisema, akaona aibu.

Wenzake walimpigia makofi, maana walijua ile nusu imetoka mbali.

Jibu la ofisi lilifika baada ya Pasaka. Lilikiri kwamba shanta ni halisi, kwamba lilitoka vitani, na kwamba linatosha kuharibu nyonga ya mtu yeyote. Kwa hiyo mwenye nalo, Bwana Hruska, afike mwenyewe kupimwa; kufariki kwake kusiwe sababu ya kuchelewa. Ama mkewe, kwa maumivu ya tatu na nusu, ilionekana mafunzo ya kupumua yanamfaa sana, aendelee nayo.

Pamoja na barua zilikuja kulabu saba za chuma. Fundi alizipigilia kando ya mlango, na juu yake akaweka kibao kilicholetwa nazo: MIZIGO YA WAUME.

Jumanne iliyofuata Wanda alikisoma kibao, akalitundika shanta lake kwenye kulabu ya kwanza, kisha akamsaidia Rochelle na tairi. Brenna akawaambia wapige magoti kwenye mikeka. Wote wakapiga magoti. Wanda akavuta kiti.