Nahodha Juu ya Lori

Mashua ilikuwa imeshatua juu ya lori, mikanda imeshakazwa, na Dorkasi ameshainua mkono kumruhusu dereva aondoke, ndipo turubai lililofunika mashua lilipopiga chafya.

Watu wote pale gatini wakageuka. Turubai likapiga chafya ya pili, kisha likasema, "Alhamdulillahi."

Dorkasi alikuwa na wiki moja tu tangu apewe usimamizi wa kuhamisha mizigo. Alikuwa binti wa wakata mkonge wa Muheza, mwanakwaya wa Kilutheri, na ombi lake kwa Mungu kila asubuhi lilikuwa dogo: mzigo utoke melini uende kwenye lori, utoke kwenye lori uende kwenye behewa, na katikati pasitokee kioja. Akakanyaga gurudumu, akapanda, akafunua turubai. Mzee wa Kipemba mwenye kofia ya viua alikuwa ameketi nyuma ya mashua, mkono juu ya usukani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Tumeshafika?"

"Umeingiaje humu, mzee wangu?"

"Sikuingia. Sijatoka tangu Wete."

Jina lake Mzee Maulid. Mashua aliiunda yeye kwa mikono yake, na wavuvi wa bwawa la Nyumba ya Mungu, huko bara, ndio walioinunua. Wanawe walimwambia amezeeka, akae nyumbani, chombo kitasafiri chenyewe kama gunia la karafuu. Mzee akaghadhibika. Akaapa mbele yao, na mbele ya majirani waliokuwa wakijipitia zao, kwamba hashuki wala hakanyagi nchi mpaka chombo kielee. Melini alijilaza chini ya turubai, na winchi ikamnyanyua pamoja na mashua bila mtu kujua.

"Nahodha hahami chombo," alisema.

"Lakini chombo kiko juu ya lori!"

"Hilo ni kosa lenu, si langu."

Vibarua wakaanza kubishana. Mmoja akaleta ndoo ya maji, akashauri waimwagie mashua, kiapo kiishe. Mzee Maulid akamtazama kwa huruma. "Hapo maji yatakuwa yamekifuata chombo. Mie nimeapa chombo kielee. Hata mtoto wa chuoni anayesoma alifu anaijua tofauti." Abass, dereva wa lori, akasema kiapo cha mtu mzima si cha kuchezea, yeye ana mama yake Kigombe na hataki laana imfuate hadi kule. Treni ilikuwa inasubiri. Dorkasi akakata shauri: waende naye hivyo hivyo, huko stesheni Mungu atajua.

Njia ya mkato ilikuwa imechimbwa mtaro, basi wakapita mtaa wa Ngamiani. Huko ndiko Dorkasi, aliyekaa mbele na dereva, alipotamani kuzama chini ya kiti. Mzee alisimama wima ndani ya mashua, akipaza sauti: "Lete kushoto! Mwamba huo!" Mwamba wenyewe ulikuwa mkokoteni wa mihogo. Wenye baiskeli wakasogea kando, wenye maduka wakatoka vibarazani, na bibi mmoja akauliza kama bahari imehamia mtaani na wao hawakuambiwa. Lililomkera Dorkasi zaidi ni kwamba Abass alikuwa akitii. Kila mzee alipopaza sauti, usukani wa lori ulizunguka.

"Abass, unamsikiliza nani?"

"Dada, nahodha ni yeye."

Stesheni walimkuta Wilfred, mwendesha kreni, mtu asiyependa utani. "Mtu si mzigo," alisema. "Simnyanyui." Dorkasi akapanda kwenye mashua, akapiga magoti, akaanza kumbembeleza mzee. Mzee naye akainama ili amsikie vizuri. Kwa hiyo Wilfred alipotazama hakuona kichwa cha mtu. Akaona kibarua mmoja amenyoosha mkono juu, akimwita muuza machungwa, akadhani ndiyo ishara. Ndoano ilikuwa imeshafungwa. Akanyanyua.

Dorkasi akashika ukingo wa mashua kwa mikono miwili. Akapiga yowe, na Wilfred, aliposikia yowe kutoka juu, akashtuka akavuta kila kilichokuwa mbele yake. Kreni ikageukia kando ya reli, ikakohoa, ikazima. Mashua ikabaki inaning'inia angani, inazunguka polepole, Mlutheri mmoja na Mpemba mmoja ndani. Abass akaliondoa lori kuepusha shari. Dereva wa treni naye akaona njia nyeupe, akapiga honi, akaondoka na behewa lao tupu.

"Baba Maulid," Dorkasi alisema akiwa amefumba macho, "sasa hivi hatuko melini, hatuko kwenye lori, hatuko kwenye treni. Tuko wapi?"

"Safarini." Mzee akatoa kipande cha mkate wa kumimina ndani ya kitambaa, akamkatia nusu. "Kula, mwanangu. Hofu haikai kwenye tumbo lenye kitu."

Akala. Kweli, hofu ikapungua kidogo. Mzee akaupapasa ubao wa mashua, akasema kwa sauti ya chini, "Nikwambie kweli? Mgongo unaniuma vibaya. Niliapa kwa hasira. Wanangu wangeniomba mara moja tu, ningeshuka kabla meli haijang'oa nanga."

"Waliomba?"

"Waliomba mara nyingi. Ila hawakuomba vizuri."

Dorkasi akaangua kicheko, akicheka mpaka mashua ikayumba na Wilfred akamkemea kutoka chini.

Kreni haikuwaka, ila mzigo uliweza kuteremshwa taratibu kwa mkono, wima tu. Na wima chini yao, kwa kuwa mtaro wa yadi ulikuwa umeziba, mvua ya masika ilikuwa imeacha dimbwi pana lenye vyura. Mashua ikashuka, ikagusa maji, mikanda ikalegea. Ikaelea.

Mzee Maulid akaukamata usukani, akaujaribu huku na huku. Machozi yakamtoka. "Kimeelea," alisema. "Hakivuji hata tone." Akasoma dua, akavua makubadhi, akateremka majini.

Wakati huo huo Bwana Miraji, mkuu wao, alitokea ofisini na viatu vilivyong'arishwa, akamkuta msimamizi wake mpya amekaa peke yake ndani ya mashua katikati ya yadi ya reli.

"Dorkasi! Mzigo umefika wapi?"

"Majini, bosi."

Bwana Miraji alisogea hadi ukingo wa dimbwi. Akaitazama mashua ile nyeupe, akamtazama mzee aliyekuwa akikamua kikoi. "Itoe," alisema hatimaye. "Kabla haijaja mashua ya pili."

Mashua ikapanda treni iliyofuata, safari hii bila nahodha. Mzee Maulid alipanda basi, akafika bara mapema, akaipokea mwenyewe. Siku walipoishusha bwawani alimpigia Dorkasi simu, na nyuma yake zikasikika kelele za wavuvi wakishangilia.

"Vipi, baba? Wameipenda?"

"Wameipenda mno. Lakini mwanangu, maji ya huku nimeyaonja, hayana chumvi hata chembe. Watu hawa wanaishije?"