Doa la Mafuta kwenye Ukuta wa Stoo

Mpira wenyewe ulikuja polepole, kama mgeni asiye na uhakika na mlango. Hata bibi yangu angeinama akauokota, kisha akauliza ni wa nani. Mimi, kipa, niliyebandikwa jina la Komeo tangu ujanani, niliuona vizuri nikaanza kushuka. Kiunoni pakachoma kama waya wa moto. Nikakwama nusu ya njia, mikono hewani, mpira ukapita chini yangu ukaingia wavuni bila hata kuniomba radhi.

Kisha sauti moja ikatoka jukwaani: "Komeo, nani amekufungua?"

Wakacheka, lakini kicheko chenye meno. Halikuwa goli la kwanza la aina hiyo. Mechi iliyotangulia nilifungwa jingine vilevile, la chini, la aibu. Na mipira ya juu nilikuwa naidaka kama kawaida, naruka kama paka. Hapo ndipo nilipojiponza. Kipa anayeruka hivyo, halafu anashindwa kuokota mpira unaotambaa, watu hawasemi anaumwa. Wanasema amenunuliwa. Ningekuwa jukwaani ningesema hivyohivyo, tena kwa sauti kubwa.

Utaniuliza kwa nini sikusema naumwa. Kwa sababu kipa namba mbili alikuwa benchini, mrefu kama mlingoti, magoti yakimcheza kwa hamu. Tulimwita Stepni, tairi la akiba. Straika akiumia hupumzishwa, akapona akarudi. Kipa akitoka ametoka. Nimekaa kwenye benchi lile miaka ya nyuma, najua linavyomwotesha mtu mizizi.

Kwa hiyo nikawa najitibu kimyakimya, kwa mafuta ya kuchua, yale makali yanayotoa machozi. Ubaya wa mgongo ni kwamba umewekwa mahali ambapo mkono haufiki, na kumwomba mtu akuchue ni kutangaza. Wenzangu wakienda kuoga, mimi najipenyeza stoo ya mipira, napaka mafuta ukutani, nageuka, najisugua juu chini kama ng'ombe mwenye kupe. Ukuta ukaota doa. Siku moja nikakuta doa jingine, shibiri moja juu ya langu. Kwanza nikajisifu kwamba mazoezi yamenirefusha. Halafu kicheko kikaniishia. Kuna mtu amepapasa hapa. Kuna mtu ananifuatilia.

Nyumbani nako hakukuwa na nafuu. Mke wangu ni fundi cherehani, mshono uliopinda anauona mtu akiwa bado mlangoni.

"Baba watoto, hebu geuka."

"Kuna nini tena?"

"Shati lina mafuta mgongoni."

"Ya kuchua. Si mazoezi hayo."

"Anakuchua nani?"

"Najichua mwenyewe."

Akaweka mkasi mezani. "Gusa hapo katikati ya mgongo nikuone."

Nikajaribu. Mkono wa kulia ukaishia mbavuni, wa kushoto haukufika hata huko.

"Haya," akasema, akarudi kwenye cherehani yake. "Msalimie."

"Nimsalimie nani?"

"Huyo mwenye mkono mrefu."

Na Kocha akabadilika. Kocha wetu ni mtu wa maneno makali. Akikuita punda, ujue mko sawa. Wiki ile aliniita ndugu yangu. Nikajua nimekwisha.

Akanipeleka chumba cha matibabu. Mle mlikuwa na mtaalamu mpya wa viungo, dada mfupi, mpole, anayemtazama mtu kama mwashi anavyotazama ukuta anaoushuku. Sote tulimwita Fizio. Kocha akaegemea mlango, akafunga mikono kifuani.

"Kaka, unaumwa popote?" Fizio akauliza.

Nikamtupia Kocha jicho. "Mimi? Buheri wa afya, dada."

Akanivulisha shati na viatu. Akaniambia nisimame nikainame kuanzia nyonga, kiuno kisikunjike. Nikakae kitini ninyooshe goti, mgongo usitikisike. Nikasimame kwa mguu mmoja. Vitu vya watoto wa chekechea. Nikanusa mtego: wanatafuta kasoro, kesho jezi yangu iwe ya Stepni. Sasa mimi ni mshindani. Ukiniambia nisimame kwa mguu mmoja, nitasimama mpaka uchoke wewe. Nikabana pumzi, nikakaza tumbo kama ngoma, nikafanya yote bila kutikisika hata ukope.

"Amefanya vizuri sana," Fizio akasema.

Nikatabasamu. Kocha hakutabasamu.

"Kwa hiyo mgongo ni mzima."

"Kwa alichonionyesha, mzima."

Kocha akanigeukia taratibu. "Basi niambie, ndugu yangu. Ule mpira ulipitaje?"

Tabasamu likaniganda usoni. Kumbe nilikuwa nimeshinda mtihani ambao kuushinda ndiko kujichongea. Mgonjwa angekaa benchi. Mzima alikuwa msaliti.

"Viongozi wanakutaka kesho," Kocha akasema. "Nimekutetea mpaka maneno yameniishia. Vaa viatu uende."

Viatu vilikuwa sakafuni. Hakuna aliyenipa mashindano ya kuvaa viatu, kwa hiyo sikubana pumzi wala sikukaza kitu. Nikainama tu, kama ninavyoinama kila siku ya Mungu. Waya wa moto ukachoma palepale.

"Baki hivyohivyo," Fizio akasema. "Usinyooke."

"Hata nikitaka siwezi," nikajibu. Maneno yalishaniponyoka.

Akasogea haraka. "Kocha, njoo uone. Tazama nyonga, zimelala usingizi. Anakunjika hapa tu, chini ya kiuno, kama karatasi inayokunjwa kila siku kwenye mstari uleule. Nilipompima alikuwa anashindana na mimi. Sasa amesahau kwamba anatazamwa."

"Anaigiza," Kocha akasema. "Huyu nimemlea, namjua."

Fizio hakubishana. Akaninyoosha polepole, akanibandika plasta mbili ndefu, moja kila upande wa uti wa mgongo, pale chini. "Akikunjika hapa, plasta itavuta. Haiwezi kuigiza. Msukumie mpira, wa chini."

Kocha akachukua mpira uliokuwa pembeni, akausukuma. Nikashuka kuufuata, ngozi ikavutwa, plasta moja ikabanduka kwa sauti ambayo hata Kocha aliisikia. Mpira ukapita, ukagonga ukuta.

"Sasa sikiliza," Fizio akaniambia, akinibandika nyingine. "Umewahi kufunga mlango ukiwa umebeba mizigo mikono yote?"

"Sana tu."

"Uliufunga kwa kutumia nini?"

"Kwa makalio, dada, samahani."

"Basi funga mlango."

Mpira ukaja. Nikasukuma makalio nyuma, magoti yakafuata yenyewe, nikajikuta chini, mpira uko mikononi. Maumivu yalikuwepo, ila kwa mbali, kama jirani anayegombana upande wa pili wa ukuta. Plasta haikubanduka.

Kocha akaokota ile ya kwanza sakafuni, akaitazama kwa muda. "Tangu lini?"

"Tangu msimu uanze."

"Punda mkubwa wewe!"

Nilikaribia kumkumbatia.

"Na unakaa benchi mpaka huyu dada aseme. Viongozi niachie mimi."

Mke wangu nilimpeleka stoo nikamwonyesha ukuta. Akaunusa. Akanitazama. Akaunusa tena.

"Kwa hiyo huyu ndiye mke mwenzangu," akasema, akacheka mpaka akashika mlango asianguke. Kisha ufundi ukamrudia. Akavua futi ya kupimia iliyokuwa shingoni, akaiweka ukutani. "Na hili la juu? Wewe huku hufiki hata ukivaa viatu vyangu vya harusi."

Nilimjua mtu mmoja tu mwenye mgongo unaoanzia huko, lakini siri yake haikuwa yangu kuitangaza.

Wiki zikapita, nikifunga milango hewani kila asubuhi huku watoto wangu wakiniiga, Fizio akinisogeza hatua kwa hatua, mpaka akasema naweza kuvaa glovu. Lakini Kocha hakutaka haraka. Siku ya mechi, Stepni alikuwa golini. Kabla ya mapumziko ukaja mpira wa chini, wa kizembe. Akashuka, akakwama nusu ya njia. Goli.

"Na huyu naye!" jukwaa likapiga kelele. "Kwani klabu nzima iko sokoni?"

Wakati wa mapumziko, kwenye chumba cha kubadilishia nguo, Kocha hakufoka. Alimsogelea Stepni akamwambia kwa upole, "Pumzika kidogo, ndugu yangu."

Hilo "ndugu yangu" nalijua linakoishia. "Kocha, huyu mgongo unamuuma."

Akanigeukia. "Wewe ulijuaje? Au benchi limekuchosha?"

Wachezaji wakaguna. Ningekuwa wao, ningeguna pia. Nani aliyekuwa na faida Stepni akitoka, kama si mimi?

"Mkubwa, niache," Stepni akasema. "Sina tatizo." Akamgeukia Kocha, akainama kuanzia nyonga kama mhudumu wa hoteli, pumzi ameibana, tumbo ngoma. Nilimtambua kama ninavyojitambua kwenye kioo. Alikuwa anashinda mtihani wangu uleule.

Filimbi ya kuitwa uwanjani ikalia, watu wakaanza kutoka. Stepni akachukua glovu zake. Nikapita karibu naye, nikamkumba kwa bega kama kwa bahati mbaya, glovu moja ikaanguka.

Akaifuata bila kufikiri. Akakunjika kwenye ule mstari mmoja, akakwama, mkono ukakimbilia gotini. Harufu ya yale mafuta ikapanda chumba kizima.

"Baki hivyohivyo," Fizio akasema kutoka pembeni. "Usinyooke."

Stepni akanitazama kutoka huko chini, jasho likimtoka. "Mkubwa, umeniuza."

Kocha akamtazama yeye, akanitazama mimi, akanusa hewa.

"Punda wawili!" akafoka, na Stepni, akiwa bado amekunjika, akaachia pumzi aliyoibana tangu msimu uanze.