Mapipa Sita Yasiyo na Namba

Mimi ni mtu wa hasira, na sioni sababu ya kuficha. Mama yangu alisema nilizaliwa nikigombana na mkunga. Lakini hasira yangu haikuwahi kuua kitu mpaka mwaka wa tisini na tatu, ilipoua samaki wa Kilwa, kando ya ziwa Mweru, mbele ya kijiji kizima.

Mwaka ule Lubumbashi ilikuwa imekaa kimya vibaya. Mabehewa yalilala stesheni hadi nyasi zikaota katikati ya magurudumu. King'ora cha kiwanda cha shaba, kilichokuwa kikituamsha tangu utotoni, siku moja kililia na siku tatu kikasahau. Jirani zetu wengine walikuwa wamefukuzwa kwa ajili ya kabila lao, wakapanda treni za mwisho na magodoro yao, nasi tukabaki kuangalia milango yao iliyopigiliwa mbao. Hilo ni jambo lingine, na linaniuma hadi leo.

Mume wangu Godefroid alikuwa fundi wa kulehemu katika karakana ya reli, miaka ishirini na miwili. Pale kila fundi alikuwa na namba yake, imechongwa kwenye kipande cha chuma kirefu kama kidole. Ukimaliza kuunga chuma, na ukaridhika nacho, unaweka kile kidude juu yake, unapiga nyundo mara moja, namba inabaki. Behewa likivunjika huko mbali, Kabalo au Kamina, wanajua wa kumuuliza. Namba ya Godefroid ilikuwa 417. Karakana ilipofungwa, alirudi nyumbani kwetu Makomeno na vitu vitatu tu: nyundo, kile chuma cha namba ndani ya kitambaa, na mafungu ya vijiti vya kulehemu ambavyo msimamizi wake aliwagawia wote badala ya kuwaambia kwaheri.

Tangu siku ile alivaa shati lililopigwa pasi kila asubuhi, akaketi uani, asiende popote. Mtu akimsalimu, anajibu. Asiposalimiwa, hasemi. Nilikuwa namwogopa kuliko angekuwa mlevi. Mlevi unaweza kumfokea.

Tuliishi kwa samaki wangu. Nilikuwa nauza makobo wakavu pale sokoni Naviundu, makobo wa ziwa Mweru walioletwa kutoka Kilwa na lori la Kambale, mfanyabiashara wa Butembo aliyepeleka chumvi na sabuni na kurudi na samaki. Ila kila safari vikapu vilikuja vyepesi zaidi, na samaki wenyewe wadogo, hata ukiwapanga kwa ujanja wote wa sokoni, mteja anacheka.

Mwezi wa tisa akaja Musonda mwenyewe, mvuvi aliyekuwa akinikaushia samaki. Alikuja Lubumbashi kwa matanga ya dada yake, akapita kwetu kusalimia. Nilimpokea kwa ugomvi.

"Musonda, unanitumia bana-samaki! Mama yabo iko wapi?"

"Mama yabo banamukula, Mama Bénie," akasema, wala hakukasirika. "Bantu banatoka huku ku muji, kazi inaisha, banakuja ku ziwa na kokoro. Ile wavu inakokota chini yote, inavunja mayai, inabeba kila kitu. Bengine banapiga kutumpula."

Kutumpula ni kupiga maji kwa marungu, samaki waogope na kukimbilia wavuni. Musonda alieleza kwamba baba zao walikuwa wakizamisha matawi ya miti, samaki wakazalia humo kwa amani. Siku hizi kokoro linazoa matawi pamoja na wenyeji wake.

Godefroid alikuwa kwenye kiti chake. Tangu Jumapili hakuwa ametoa neno zaidi ya salamu.

"Na chuma?" akauliza. "Kokoro inaweza kubeba chuma?"

Musonda akamgeukia. "Chuma? Apana. Chuma itapasula ile wavu."

Basi. Mume wangu alisimama, akavua shati lile la pasi, akalitundika kwenye kamba. Nikaingia jikoni kwa haraka wasione uso wangu.

Nyumba za samaki za kuchukua nafasi ya matawi, ishirini na nne kama Musonda alivyoomba, alizitengeneza kwa mapipa. Katika mji wetu hakuna kaya isiyo na pipa lililotoka kwenye viwanda vya shaba. Maji ya bomba yanakuja saa mbili kwa siku, yakija, na lazima uyaweke mahali. Tulijua wazi kwamba mapipa yale yalileta dawa za kiwandani. Ndiyo sababu unawasha moto wa nyasi ndani, unasugua kwa mchanga, unasuuza, kisha unajaza maji ya kunywa. Hivyo ndivyo walivyofanya mama zetu, na hakuna aliyeuliza.

Godefroid yeye aliongeza ya kwake. Baada ya moto na mchanga alijaza pipa maji, akaenda mtoni Naviundu na chandarua kibovu, akarudi na visamaki vitatu, akavitia humo. Siku tatu. Vikiwa hai, anamwaga maji, anavirudisha mtoni, anakata madirisha kwenye pipa na kuliunga miguu ya vyuma chakavu. Mwisho anapiga namba yake chini ya ukingo. Vikifa, anaanza upya na moto. Mafundi wa gereji ya jirani, waliomwazima mashine ya kulehemu, walimwita Papa Poisson, yaani Baba Samaki. Mimi nilicheka pamoja nao.

Alipofikisha mapipa kumi na manane, Kambale akaja na habari. Mvua zilikuwa zimeanza upande wa Kasenga, kwenye njia ya Kilwa. Lori linaondoka kesho asubuhi, na baada ya hapo njia itafungwa mpaka siku aijuayo Mungu.

Mapipa sita yalikuwa bado. Yalikuwa yamekatwa madirisha tayari, kwa haraka, ili yawahi, ila hayakuwa yamepitia jaribio la visamaki.

"Hizi sita zinabaki," akasema Godefroid.

"Zinabaki kufanya nini? Musonda analomba ishirini na ine!"

"Sikuzipima, Mama Bénie."

"Kupima! Samaki bataishi mu ziwa muzima, haiko mu kikombe! Baba Bénie, weye unapenda kuchelewa tu. Ju ya kuchelewa njo tunakuwa vile tuko!"

Neno lile la mwisho lilikuwa la uongo na la ukatili, na nililijua likiwa bado mdomoni. Haikuwa yeye aliyeifunga karakana. Alinitazama kidogo, akakifunga kile chuma chake kwenye kitambaa, akakitia mfukoni. Kisha akasaidia kupakia mapipa yote ishirini na manne. Wanasema haraka haraka haina baraka. Mimi msemo huo nilikuwa nawaambia wateja wenye pupa.

Tulichukua siku tatu hadi Kilwa, mimi na yeye juu ya magunia ya chumvi. Pale ufukweni watu wengi walifurahi, lakini si wote. Léonard, mwenye kokoro kubwa kuliko yote, alikuja na mikono nyuma.

"Munatuwekea miiba mu sahani," akasema. "Wavu yangu itapasuka, batoto bangu batakula nini? Na tena, sikilizeni: munakusanya samaki fasi moja. Muntu wa tamaa atazungusha wavu pale, asubuhi moja tu, c'est fini, samaki banaisha. Kukusanya haiko kuzalisha."

Sikumpenda, ila maneno yake yalikuwa na uzito. Musonda mwenyewe alikubali. Alisema hatari hiyo ipo, na kwamba bila sheria chuma kitakuwa mtego tu. Wakapatana kwamba karibu na mapipa pasiingie wavu wa aina yoyote, ndoana tu. Léonard hakutia mkono wake katika mapatano hayo. Tulizamisha mapipa asubuhi ileile, yamejazwa mawe, kwenye maji ya kina cha watu watatu waliosimama mabegani, bila kamba, kwa sababu kamba hakuna aliyekuwa nayo ya kupoteza.

Kambale alikuwa anangoja shehena, nasi tukangoja naye. Siku ya nne asubuhi nilisikia kelele ufukweni. Samaki walikuwa wakielea tumbo juu, kumi, ishirini, thelathini, na juu ya maji kulikuwa na utando unaong'aa kama mafuta ya mchuzi uliopoa. Léonard alikuwa ameshika mmoja mkiani.

"Banatuletea sumu ya Lubumbashi!" akapaza sauti. "Toeni zote! Na huyu mufundi asirudi huku tena, jamais!"

Watu wakaitikia. Nikamtazama Godefroid. Uso wake ulikuwa ukirudi kuwa ule wa kwenye kiti, ule wa miezi yote ile, nikaona ninampoteza mara ya pili. Angeweza kunyoosha kidole kwangu. Badala yake akasema, "Iko kazi yangu. Miye njo nilitengeneza."

Nilikuwa na nafasi ya kunyamaza. Nasema kweli, niliitamani.

"Bongo, hasemi kweli," nikasema. "Alikatala. Miye njo nilimusukuma. Kumi na munane alizipima na samaki bazima, siku tatu kila moja. Sita hakuzipima, miye nikasema pakia. Samaki hizi ni miye niliziua."

Hakuna mtu aliyenipigia makofi kwa ujasiri. Mwanamke mmoja alitema mate karibu na miguu yangu, na alikuwa na haki.

"Sita gani?" akauliza Léonard. "Ziko sawa zote. Muntu atazijua namna gani, chini kule, mu matope?"

Hapo Godefroid akatoa kitambaa mfukoni. Akaweka kile chuma juu ya ubao wa mtumbwi, akakipiga kwa jiwe, akaushika mkono wa Musonda na kupitisha kidole gumba chake juu ya alama. "Nne, moja, saba. Chini ya ukingo. Yenye iko na namba, niliipima. Yenye haina, sikuitia namba."

Hakuwa amezitia namba zile sita. Alinyamaza, akapakia, akaniacha nishinde, lakini jina lake hakulipiga pale.

Likabaki jambo la mamba. Ziwa lile halina mchezo, na Musonda hakuwa tayari kuzama kwenye maji yenye samaki wanaonuka. Kila mtu alitazama kando. Ndipo Léonard, sijui ni nini kilimwingia, akawaita watu wake wachukue mitumbwi na yale marungu ya kutumpula.

"Tutamupigia maji," akasema. "Mamba anaogopa kelele kuliko samaki."

Mitumbwi kumi na miwili ilifanya duara, na marungu yakaanza kushuka pamoja. Katikati Musonda alizama na kamba kiunoni, akaibuka, akazama. Mimi nilikaa kwenye mtumbwi mmoja na Godefroid nikivuta kamba mpaka viganja vikachubuka, na sikulalamika, jambo ambalo mume wangu analitaja hadi leo. Pipa la kwanza halikuwa na namba, tukalipandisha. Mara ya pili Musonda aliibuka mikono mitupu, macho yamemtoka.

"Hii iko na namba," akasema akihema. "Na iko na bantu ndani! Batoto ba makobo, batoto-batoto, banajificha. Bananiguza mukono!"

Marungu yakasimama kidogo. Hata Léonard aliangalia maji kana kwamba angeweza kuona chini.

Ilituchukua siku mbili kupandisha yote sita. Jioni ya pili Léonard alisema wavu wake utapita upande wa mashariki, mbali na vyuma, na kwamba akimkuta mtu na wavu pale atamkata masikio. Hivyo ndivyo sheria ya Kilwa ilivyopata mlinzi. Mwaka uliofuata vikapu vyangu vilianza kurudi na uzito, si kama zamani, ila uzito, na Godefroid alitengeneza mengine arobaini. Musonda bado ananitumia malalamiko: nyavu zinazochanika, wezi wa usiku, miguu ya chuma iliyooza mapema. Mapipa hayakutuletea paradiso.

Lakini hayo yalikuja baadaye. Siku zile tatu za kurudi, juu ya lori, na yale mapipa sita yakigongana nyuma yangu, sikuwa nawaza samaki. Nilikuwa nawaza pipa letu la maji, lililokaa kando ya mlango wa jikoni Makomeno tangu tuoane. Lilitoka kiwandani kama hayo mengine. Wanangu Bénie na Fils walikuwa wamekunywa humo tangu waachishwe ziwa. Sikuwahi kuuliza nani alilisafisha, wala namna gani. Sikuweza kumuuliza Godefroid njiani, kwa sababu niliogopa jibu, na kwa sababu baada ya niliyomwambia uani sikujua kama nina haki ya kumuuliza kitu.

Tulifika mchana. Watoto walinikimbilia, nikawapita. Niliegemea pipa, nikaingiza mkono chini ya ukingo, kwenye kutu na unyevu, nikapapasa nikizunguka taratibu. Hakuna kitu. Nikaendelea kuzunguka. Upande wa ukutani, mahali ambapo mkono wangu haukuwahi kufika kwa miaka kumi na mitano ya kuchota maji, kidole changu kikaangukia shimo dogo, kisha jingine.

Nne. Moja. Saba.

Godefroid alikuwa amesimama nyuma yangu, begi bado begani.

"Siku tatu," akasema. "Mbele ya harusi. Ulikuwa unanigombeza ati nachelewa kuleta pipa."

Nililia pale pale, mkono wangu ukiwa bado umeshika ukingo. Fils akauliza mama ana nini, na baba yake akamwambia achote maji, aniletee ninywe.