Simu Ndani ya Mpira

Mchana, baada ya kumeza vidonge vya shingo, najilaza kwenye kochi, naweka kichwa juu ya mto, na mto unaanza kulia. Si mlio mmoja. Ni simu nyingi kwa pamoja, kila moja na wimbo wake, zimefungiwa ndani ya foronya kama kuku wa kupelekwa sokoni. Naijua foronya hii. Ni ile nyeupe ya hoteli ambayo meneja wa timu alikuwa akiipitisha kwetu kabla ya kila mechi ya ugenini, tumbukizeni simu, wazee, akili zote uwanjani, na sisi tunatumbukiza, wanaume wazima wenye mabega kama milango, tumetii kama watoto wa chekechea. Naingiza mkono nitafute yangu. Mkono unazama, bega linazama, kichwa nacho, kitambaa kinanifunika uso, na ninapokibandua niko barabarani.

Barabara ni mstari wa chokaa kwenye nyasi. Kila nikidhani nimefika mwisho nakuta milingoti miwili ya goli, napita katikati, na ng'ambo kuna mstari mwingine na milingoti mingine. Mkononi nina mpira wa raga, na mpira ndio unaolia. Naugeuzageuza. Hauna kitufe, hauna kioo, una kile kitundu tu cha kujazia upepo. Natega hapo sikio langu, hili lililokunjamana kwa kusukumana vichwa kwenye skramu, na namsikia mke wangu. Baba Naliaka, uko wapi? Wamenilaza hospitalini. Daktari anaingia na kutoka, haniambii kitu. Niongeleshe tu, nikusikie. Nasema niko hapa, Nasambu, niko hapa, lakini kitundu kinatoa sauti tu, hakiingizi. Na mbele kule namwona mwenyewe, gauni lake la kijani, anatembea huku ameshika ubavu, ananyoosha mkono. Nipe huo mpira, anasema, nikiushika nitakusikia. Namrushia. Filimbi inalia.

Mtu wa blaza, kama wale wakubwa wa chama cha raga, anasimama kati yetu. Uso hana, pale pa uso ni ngozi tupu, laini kama mpira mpya. Umepasia mbele, anasema, na mpira umerudi mikononi mwangu. Namwambia ni mke wangu yule, anaumwa. Anasema, yuko mbele yako, na aliye mbele hapewi. Nimpeje basi? Mpite, kisha umtupie nyuma. Nikimpita nitamwonaje? Anacheka bila mdomo. Mzee, umecheza raga miaka yote hiyo na bado unauliza maswali ya mtoto, kwani uliishia darasa la ngapi? La saba, na mlipoitaka hii shingo hamkuniuliza cheti, namwambia, lakini blaza tayari imekuwa blaza nyingine, na nyingine, wamejipanga kando ya mstari wakinitazama bila macho.

Nakimbia. Barabara inaingia mji wa vioo, nyumba zake zote ni makabati ya vikombe vya ushindi, na kila kioo nimo. Kwenye hiki niko shuleni, miguu mitupu, mwalimu ananipapasa shingo kama anayechagua fahali, huyu mtieni mbele asukume. Kwenye hiki nina jezi ya klabu, asubuhi nabeba magunia ya sukari, jioni nabeba wanaume. Hapa nina jezi ya taifa, Nasambu yuko jukwaani na Naliaka mgongoni, anapiga kelele kuliko walevi wote, sukuma, Baba Naliaka, ugali ulikula wa nini! Hapa goti limefungwa, daktari wa timu anadunga sindano, meneja anasema maliza kwanza, goti tutaliangalia. Na hapa sina jezi, niko nje ya lango, mlinzi ananiuliza, mzee, tiketi iko wapi? Tunakimbia sote sambamba, mimi na mimi na mimi, sijui tena yupi ana miguu na yupi ni kioo, na sauti ndani ya mpira inazidi kuwa nyembamba, Baba Naliaka, Baba Naliaka.

Mwisho wa mji wale wa blaza wameinama, wamekumbatiana mabega, wameziba njia. Nyuma yao gauni la kijani linapungua. Nainama nami, naingiza kichwa, shavu langu kwenye ngozi ile baridi, na mmoja ananinong'oneza kwa sauti ya meneja. Simu zake tuliziona zote. Hatukutaka kukuharibia mchezo. Maneno yaleyale aliyoniambia siku ile, foronya mkononi, baada ya filimbi ya mwisho, wakati Nasambu ameshafunikwa shuka. Na tulipigwa vibaya hata hivyo! Mchezo gani mliuhurumia? Matangani wakaja na blaza zao, wakahutubu, wakala kuku, mmoja akaniuliza mazoezini narudi lini. Nasukuma. Nasukuma mpaka kitu kinakatika shingoni, wanaporomoka, nakanyaga blaza, napita, nampita na yeye, nasikia harufu ya sabuni yake, na sasa shingo imekauka, haigeuki. Natupa mpira nyuma bila kuona. Mlio unakatika. Umeanguka? Umedakwa? Nasubiri filimbi, na nyuma yangu kabisa sauti inasema, halo? Nafungua mdomo.

Niko sakafuni. Kochi limesogea mpaka ukutani na bega langu bado linalisukuma. Binti yangu Naliaka amesimama mlangoni, jua liko nyuma yake. Baba, anasema, umehamisha nyumba nzima. Simu yako imelia mpaka ikachoka. Nani alikuwa anapiga? Sikutaka kukuharibia usingizi, anasema. Nautazama mto. Foronya zetu zote ni za maua, Nasambu alizishona kwa mkono wake, na hii ni nyeupe. Naliaka, mwanangu, sogea kwenye mwanga nikuone uso. Hasogei. Maliza kwanza kulala, Baba, anasema, na mto unaanza kulia.